Nilivyowapikia Samaki Chai Riyadh

Mtu akirudi kutoka Saudia, nyinyi vijana humtazama mikono kana kwamba ina dhahabu. Yangu itazameni vizuri. Kucha hizi zilikaa na rangi ya kahawia miaka mingi, na si hina. Ni majani ya mkungu. Watu wakiniuliza nilikuwa nani kule, nawajibu nilikuwa mpishi. Sisemi nilimpikia nani, maana nikisema nilipikia samaki, watu hucheka. Haya, chekeni. Mkimaliza mkae, kwa sababu najua wawili hapa wanafunga mabegi, na wakala hatawaambia hata moja katika haya.

Shule niliishia darasa la tatu. Kalamu nikaiacha pale pale, jembe nikalichukua, kisha ufagio, kisha ndege. Nyumba hii mnayoegemea ukuta wake niliijenga kwa sufuria moja, na nitawaelezea sufuria hiyo. Nitawaelezea pia jinsi harusi ya mwanangu Riziki ilivyokaribia kuzama ndani yake.

Bosi wangu, tuliyemwita Baba, alikuwa na ofisi Olaya, mtaa wa katikati ya Riyadh, na nyumba kubwa nje kidogo ya hapo. Sebuleni alikuwa na tangi la samaki refu kama kitanda cha watu wawili. Ndani mlikuwa na samaki wekundu, bapa na duara, kama mtu ametupa sahani majini zikakataa kuzama. Akitoka kazini alivua kilemba, akaketi mbele yao, na hakuna mtu aliyeruhusiwa kumsemesha, hata mkewe. Hasa mkewe.

Samaki wale kwao ni mito inayopita chini ya misitu. Majani huanguka, yakalala majini mpaka mto unakuwa na rangi ya chai ya rangi. Wenye kazi huyaita maji meusi, ingawa hayana weusi wowote. Ukimtia samaki huyo katika maji meupe ya mfereji wa Riyadh, magumu hata sabuni inagoma kutoa povu, anafifia. Anajibanza pembeni, mapezi yanachanika, chakula hataki. Kwa hiyo unampikia mto. Unachemsha majani, unachuja, unamwongezea kidogo kidogo. Ndiyo kazi yote. Dakika moja kuieleza, na mimi ilinichukua mwaka kuijua.

Aliyenifundisha ni Sumi, mpishi wa Kiindonesia aliyekuwa katika nyumba ile kabla yangu. Baba yake alifuga samaki wapiganao, kila mmoja katika chupa yake, maana ukiwaweka pamoja wanauana. Mimi na Sumi tulizungumza Kiarabu cha jikoni, kile ambacho Mwarabu akikisikia anashika kichwa.

Mama mzazi wa madam, mkewe Baba, alikaa Jeddah, na kila likizo familia ilihamia kule nasi nyuma yake. Safari yangu ya kwanza tulikuwa tunatoka dukani, mimi na Sumi, mifuko mikononi. Ghafla akaweka mifuko chini, akainama njiani, akaokota jani kubwa jekundu na kulinusa.

“Ketapang!” akasema, macho yamemtoka.

Nikatazama juu. Mkungu! Mkungu wetu huu huu, ambao watoto wa hapa huupiga mawe wapate makungu ya kupasua. Nikamwambia, “Sumi, haya kwetu tunafagia tunachoma.”

Akanitazama kama nimemtukania mzazi. “Nyinyi matajiri sana,” akasema, “mnachoma dawa.”

Riyadh mikungu sikuiona. Baridi ya kule na ukavu wake vingeiua. Jeddah ndiko tulikojaza mifuko, tukairudisha Riyadh chini ya viti vya gari, na dereva akinung'unika kuwa sasa anabeba takataka za mji mmoja kupeleka mji mwingine.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo watu huharibu. Jani unaokota lililoanguka lenyewe. La kijani hulichumi. Lenye kinyesi cha ndege huligusi. La kando ya barabara kuu huliokoti, limekunywa moshi, na mtaa uliopuliziwa dawa ya mbu unaupita kama humjui mwenyewe. Unasuuza kwa maji matupu, unaanika kivulini mpaka ukilibonyeza linalia kama kaukau za viazi. Likiota ukungu mweupe, tupa, hata kama ni gunia zima.

Sufuria iwe ya stili, na iwe ya kazi hiyo peke yake. Si ya wali, si ya nyama. Sumi aliifunga ya kwake kabatini na ufunguo akautia kifuani. Siku moja nikataka kumfurahisha, nikaisugua sufuria ile kwa sabuni ya vyombo mpaka ikang'aa kama kioo cha bibi harusi. Alipoiona alikaa chini.

“Mafi sabuni!” akapiga kelele, yaani hakuna sabuni. “Mafi! Samaki anapumua maji, wewe! Unataka kumvutisha sabuni?”

Alichemsha maji matupu na kuyamwaga, akachemsha tena, akamwaga, mchana kutwa, bila kunisemesha. Chakula changu aliniwekea, lakini pilipili hakutia. Nilijua nimekosa.

Maji ya kupikia si ya mfereji, ni yale ya kuchujwa ya dukani. Unajaza majani, unafunika, yakichemka unapunguza moto na kuyaacha yatokote taratibu mpaka yote yamezama chini. Unazima, yanapoa humo humo, huyatoi. Kisha unachuja kwa kitambaa cheupe. Mimi nilichukua kilemba kikuukuu cha Baba, cheupe pepepe. Sumi akakinusa tu. Kilikuwa na udi, marashi na ile dawa ya kulainisha nguo.

“Samaki wako waenda Ijumaa?” akaniuliza.

Mambo mengine hata yeye yalimchezea. Kuna wakati tulimimina dawa asubuhi, tangi likawa zuri, rangi ya asali. Kesho yake maji meupe kama hayajaguswa. Tunamimina, yanarudi meupe. Sumi akaanza kusema nyumba ina jini msafi. Kumbe Baba alikuwa ametia makaa ya kuchujia ndani ya mashine ya tangi, na makaa yale yalikuwa yanameza rangi yetu yote. Tulipika vyungu vyote vile kuyanywesha makaa!

Na chupa. Dawa ikishachujwa unaitia katika chupa ya kioo na kuiweka kwenye friji. Ramadhani ya kwanza, Jeddah, tulikuwa tumepika ya kurudi nayo Riyadh, kaka yake madam akafuturu kwa chupa yetu. Yeye aliiona rangi akadhani ni maji ya ukwaju. Akamimina bilauri, akapiga bismillahi, akanywa yote. Mimi na Sumi tumesimama mlangoni tumeshikana mikono. Akaweka bilauri chini, akafikiri, akasema, “Mwaka huu mmebana sukari.” Hakuumwa wala hakujua. Tangu siku ile kila chupa nikaichora samaki kwa kalamu nzito. Kuandika sikuweza, lakini samaki wangu alikuwa samaki, si chapati yenye mkia.

Katika yote aliyonifundisha Sumi, moja ndilo lililoniokoa. Alisema kikombe cha kwanza kamwe hakiendi kwa mgeni wa heshima. Kando ya jiko tuliweka ndoo yenye samaki wadogo wa bei rahisi, mimi nikiwaita vidagaa. Ukipika sufuria mpya, kikombe cha kwanza unakitia ndooni. Unachotia adhuhuri unakitazama alasiri. Sumi hakuwa na saa, aliipima kazi kwa adhana. Vidagaa wakiogelea, halas, basi, mimina kwenye tangi kubwa, kidogo kidogo. Wakija juu wakitafuna hewa, mwaga sufuria yote na utafute ulipokosea.

Sumi akamaliza mkataba, akaenda kwao. Aliniachia ufunguo wa kabati. Nililia jikoni, kisha nikaenda kuchemsha majani.

Sasa harusi.

Riziki wangu alikuwa ameposwa na kijana wa watu, mwenye adabu. Mahari imekwisha kuzungumzwa, wazee wamekunywa kahawa. Mwanangu akaniambia kwa simu, “Mama, bila wewe siolewi. Nani atanikalia nyuma nikitolewa? Shangazi?” Shangazi yake na mimi hatuivi chungu kimoja, na mtoto alilijua hilo, alinichoma makusudi.

Ruhusa ya kwenda na kurudi kule haiombi mfanyakazi, anaiomba kafili, yaani mwajiri aliyekudhamini. Nikaenda mbele ya tangi, saa ambayo haruhusiwi mtu, nikasimama.

“Baba, mwanangu anaolewa mfungo mosi, Ramadhani ikiisha. Nataka kwenda.”

Hakugeuka. “Na hawa?” akasema, kidole kwenye kioo.

“Watapikiwa.”

“Na nani?” Akageuka sasa. “Ya Ummu Riziki, mimi si mtu mbaya. Fundisha mtu. Ramadhani utakwenda Jeddah na madam, na huyo mtu atabaki nao hapa. Wakifika Idi salama, nakutolea karatasi. Wakifa, nitakuwa sina samaki na sina mpishi wa samaki. Sitaki kukosa vyote.”

Alikuwa mtu wa haki. Haki yake ilikuwa imeelea majini tu, na moyo wangu ukaelea nayo.

Niliyekuwa naye wa kufundisha ni Nekesa. Mama wa watoto watatu kutoka Bungoma, ameingia kazini juzi, mkubwa wa mwili, mwepesi wa kucheka, na bado yuko katika miezi ya majaribio. Mwenye nyumba asipompenda, anamrudisha ofisi ya wakala kama nguo isiyotosha. Kwa hiyo samaki wale walibeba wanawake wawili, mimi na yeye.

Nilimfundisha kwa ukali, sifichi. Alijua kuchagua majani, kusuuza, kuchuja. Alijua ukungu mweupe unatupwa. Kilichonipa homa ni ndoo.

“Unatia adhuhuri, unatazama alasiri,” nikamwambia.

“Mama Riziki, aki mimi mtu wa kanisa. Hizo adhana kwangu zote ni moja. Nitajuaje ni gani?”

“Utazisikiliza!”

“Nazisikia. Hata nikilala nazisikia. Shida ni kuzitenganisha.”

Basi nikamwambia: ya kwanza baada ya kufagia ua, unatia, inayofuata, unatazama, kati ya hizo mbili usiguse kitu hata nyumba ikiwaka moto. Akasema sawa. Alisema sawa haraka mno. Mtu akikwambia sawa haraka, usilale.

Ramadhani ikaingia, tukaenda Jeddah. Siku zikapita vizuri. Kila siku alinitumia video ya tangi kwa simu, na samaki wamenona. Nikaanza kupiga hesabu ya vitambaa vya harusi.

Siku moja alasiri ilikuwa karibu, mimi nimo jikoni kwa mama yake madam nakunja sambusa. Simu ikalia. Video imeingia. Namwona Nekesa anakoroga kwa mwiko sufuria yangu ya stili, imekwisha kupoa, anatabasamu.

“Mama, zile leaves zako zilishika ukungu, nikatupa zote kama ulivyosema. Nikapata zingine hapa nje, kavu kabisa. Cheki rangi! Na ina povu kabisa, kama kapuchino!”

Sambusa ikanitoka mkononi.

Wanangu, mkungu hautoi povu. Na ua wa nyumba ile ulikuwa na mti mmoja tu, mkunazi, Waarabu wanauita sidri. Mkunazi! Majani ambayo sisi tunayaponda kuoshea nywele, na ambayo mzee wa mtu akifariki yanatiwa katika maji ya kumwoshea. Povu lake ni kama la sabuni, na samaki likimfika kwenye matamvua hapumui. Nekesa wangu wa Bungoma alikuwa anawaosha maiti samaki wa Baba kabla hawajafa.

Nikapiga simu. Inalia, haipokelewi. Nikapiga tena. Nikakumbuka: sheria ya nyumba ile, ukiwa kazini simu inakaa ndani ya droo, haitoi sauti. Alikuwa ameitoa kunitumia video, kisha kama mtu mtiifu akairudisha. Utiifu nao kuna siku unauma.

Mtu mwingine ambaye ningeweza kumpigia ni Baba mwenyewe.

Nilisimama na simu. Nikimwambia, atajua kuwa mtu niliyemfundisha hajui mkunazi na mkungu, na karatasi yangu ndiyo hiyo imekwenda. Nikinyamaza, labda Nekesa atakumbuka ndoo, labda hatakumbuka, na yeye ndiye atakayepakiwa garini kurudishwa ofisini, watoto watatu wanangoja Bungoma. Madam akaingia, akaniona.

“Kuna nini?”

“Samaki.”

“Allah atupumzishe nao,” akasema, akachukua tende, akatoka.

Nikampigia Baba. Alikuwa Olaya, nasikia honi nyuma yake.

“Baba, Nekesa amechemsha majani siyo. Amechemsha sidri, ya uani. Simu yake iko droo. Kama hajamimina, asimimine.”

“Sidri?” akasema.

“Sidri, Baba.”

“Tayib, sawa.” Akakata.

Mnajua foleni ya Riyadh kabla ya kufuturu? Kila mtu anakimbilia supu yake, na hakuna anayefika. Nilikunja sambusa zote zilizobaki. Nyingine nilizikunja bila nyama ndani, na watu walizila wakanyamaza. Alasiri ikapita. Magharibi ikaadhiniwa, tukafungua, mimi tende moja ilinikaa kooni haishuki. Nikamwona Riziki kichwani mwangu, ametolewa amependeza, na nyuma yake kakaa shangazi.

Simu ikalia.

“Ya Ummu Riziki.” Sauti ya Baba haikuwa na kitu ndani yake, si hasira wala furaha. “Nimemkuta huyu mwanamke wako ameketi chini, kando ya ndoo, analia. Sufuria ameifunika, na juu ya kifuniko ameweka kiatu chake.”

“Kiatu?”

“Kiatu. Nimemuuliza cha nini. Anasema ili mtu asije akaigusa. Samaki wawili wadogo wamekufa ndooni. Ananiambia, Baba, mimi nimeua wawili. Wakubwa sijawagusa.”

Nikaketi juu ya gunia la mchele. Nikauliza kwa sauti ndogo, “Hakumimina?”

“Anasema ulimwambia angoje adhana ya pili. Akangoja.” Nikamsikia akivuta pumzi. “Niambie. Sumi alipokuwa anajifunza, aliua wangapi?”

“Wengi, Baba.”

“Na wewe?”

Nikafikiri kusema uongo. Nikaona ni mwezi mtukufu. “Zaidi ya Sumi.”

Akacheka. Miaka yote ile sikuwahi kumsikia akicheka mbali na tangi lake. “Basi huyu ana wawili tu, na wa bei rahisi. Mwambie mwanao aweke siku. Ukirudi tutashughulikia karatasi.”

Tende ikashuka yenyewe.

Nikampigia Nekesa, sasa ameruhusiwa kushika simu, bado anavuta kamasi.

“Mama, aki nilijua leo narudishwa.”

“Ungerudishwa, na mimi ningefuata nyuma yako nimebeba sufuria. Wewe mwanamke, ulitaka kuwasalia samaki wa watu jeneza?”

“Si huko kwenu ndiyo mnaosha maiti na miti! Sisi kwetu ni maji tu na wimbo. Ningejuaje?”

“Na adhana? Si ulisema zote ni moja?”

“Zote ni moja,” akasema. “Ndiyo maana nilizihesabu kwa vidole. Ya kwanza nikakunja kidole. Nikakaa nacho kimekunjwa mpaka ya pili. Nimedeki sebule yote na vidole vinne.”

Nilicheka mpaka mama yake madam akatuma mtu kuuliza kama nina homa.

Kesho yake nilikwenda nikajaza gunia la mkungu, dereva akalipeleka Riyadh akinung'unika kama kawaida. Nami tuliporudi nilimkalisha Nekesa uani, nikampa jani la mkunazi na jani la mkungu, nikamwambia ayanuse, ayavunje, ayatafune akitaka. Nilikuwa nimemfundisha rangi. Rangi haitoshi. Kahawa ina rangi ile, mkunazi una rangi ile, maji ya kutu yana rangi ile. Mfundishe mtu pua na vidole, rangi atajifunza mwenyewe.

Idi ikapita, karatasi ikatoka. Nikiwa uwanja wa ndege, Nekesa akanitumia video ya mwisho. Sufuria imefunuliwa, maji yametulia kama kioo, hakuna povu hata chembe. Hakusema neno, alionyesha tu, kisha akainua vidole vitano vyote. Nikazima simu. Wenzangu ndegeni waliniamsha tumeshatua.

Riziki alitolewa nikiwa nyuma yake, na shangazi yake nilimpa kiti cha pembeni, kizuri, chenye upepo. Watu walipokwisha kula, mtoto mmoja akaniletea chai ya rangi katika gilasi. Nikaishika, nikaiinua kwenye taa, nikaizungusha polepole kutazama kama ina povu. Mikono ilifanya yenyewe.

Bibi harusi akanipiga kiwiko, na hina yake yote.

“Mama, kunywa,” akasema. “Hiyo si ya samaki.”